Nusu Saa ya Broca

Jumatatu, 1 Oktoba 2018

Daftari hili nililinunua niandike mambo ya jikoni: nani hali nguruwe, nani ana vidonda vya tumbo, maharagwe yamebaki kiasi gani. Lakini leo nina habari ambayo nisipoiandika mahali nitapasuka, na hapa jikoni hakuna wa kumwambia ila sufuria. Tumekubaliwa. Kamati ya Sikukuu ya Kahawa ya San Evaristo imetuletea barua yenye mhuri: Jumapili tarehe 2 Desemba, saa tisa alasiri, jukwaa la uwanjani, nusu saa nzima. Sisi, bendi ya Broca, wapiga muziki wa metali, ule wa magitaa ya kelele. Miaka kumi na mmoja tumeomba, na miaka kumi na mmoja wametupa kisogo.

Kosa ni letu, nakiri. Broca ni yule mdudu mweusi anayetoboa punje za kahawa na kuwaliza wakulima. Tulipoanza bendi tuliona hakuna jina la kutisha kuliko hilo. Kumbe ni kama kwenda harusini ukajitambulisha kwa jina la Talaka. Mwaka huu katibu wa kamati ni mgeni kutoka pwani, na nadhani anaamini Broca ni jina la ukoo wa mmoja wetu. Hakuna aliyemsahihisha.

Mimi ndiye mwimbaji, kama kunguruma kunaitwa kuimba. Nina miaka arobaini na miwili na ni mpishi wa wachumaji katika shamba la La Cascajosa. Wbeimar, fundi wa mashine za kumenya kahawa, anapiga gitaa. Edilma, mwalimu wa hesabu, anapiga besi. Na mpiga ngoma? Hapo ndipo pana kazi. Ferney alihamia Uhispania mwezi wa nane, siku hizi anafungasha kuku kiwandani, na ngoma zake ametuachia kwenye karakana ya Wbeimar zikila vumbi. Tuna wiki tisa za kumpata mwingine katika milima ambayo kila anayeshika vijiti viwili anataka kupiga nyimbo za Krismasi.

Wachumaji thelathini na wanne wamefika leo na lori. Nimeloweka maharagwe.

Jumatano, 3 Oktoba

Mvua. Maharagwe. Moyo bado unaruka.

Jumapili, 7 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya karakana. Utaratibu wetu haujabadilika tangu tukiwa na miaka ishirini: kila Jumapili mtu analeta albamu moja, inasikilizwa mwanzo hadi mwisho bila mtu kufungua mdomo, kisha wengine wanasema, na aliyeileta anasema wa mwisho. Zamu ilikuwa ya Edilma. Alileta Wafini fulani wanaopiga polepole, wimbo mmoja dakika kumi na saba.

"Mwalimu," Wbeimar alisema ulipokwisha, "hii si metali. Hii ni foleni ya benki."

"Wewe unapenda ya haraka kwa sababu hujui kuhesabu kupita nne."

"Na mpishi anasemaje?"

Nilisema ukweli: katikati pale, gitaa liliponyamaza ikabaki besi peke yake, nilitaka kulia na sikujua nalilia nini. Edilma alitabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kisha tukaingia kwenye habari za utotoni, kama kawaida yetu kahawa ikishamiminwa. Wbeimar alitusimulia tena jinsi baba yake alivyomnyoa nywele akiwa usingizini, upande mmoja tu, akaamka mapema kuliko ilivyotarajiwa na kwenda shule hivyo hivyo wiki nzima kwa ubishi. Edilma alisema bibi yake alipofariki, yeye ndiye peke yake katika ukoo aliyekuwa na nguo nyeusi za kutosha siku tisa za maombi. Shangazi zake walimsifu kwa heshima aliyoionyesha.

"Walizisoma zile fulana?"

"Kwa Kiingereza? Shangazi mmoja aliniuliza kama fuvu lile ni la mtakatifu gani."

Mimi nilianza na kaseti. Kaka yangu aliirekodi juu ya rozari ya mama, na alifanya kazi mbaya, kwa hiyo kila wimbo ulipokwisha ulimsikia padre akisema "utuombee", kisha magitaa tena. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Hadi leo nikiisikia albamu ile mahali pengine naona kuna kitu wamekiondoa.

Niandike na hili, maana ni letu. Mgeni akija karakana, Wbeimar humtia mtihanini. Umevaa kiraka cha bendi kwenye kizibao? Taja nyimbo zao tatu, mwaka wa albamu ya kwanza, na nani alipiga ngoma. Ukikosa, unavua. Mwaka jana kijana mmoja wa benki alivua kizibao chake mbele yetu huku masikio yamemwiva. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Lazima mlango uwe na mlinzi, la sivyo kila mnunuzi wa fulana atajiita mwenzetu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Wachumaji wanne wamefikwa na homa. Supu ya kuku. Mpiga ngoma hayupo.

Jumanne, 16 Oktoba

Kuna mchumaji tunamwita don Gildardo, kwa heshima ya umri. Amepita hamsini, mwembamba, mkimya, hula mwishoni mwa benchi na kila akirudisha sahani husema "Mungu akulipe." Sikuwa nimemtazama vizuri mpaka leo mchana nilipoona sahani yake inaruka.

Nilikuwa nimeweka albamu ya bendi moja ya Wabrazili jikoni, sauti juu kama kawaida, vijana wananitania kama kawaida. Nikatazama chini ya meza. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vinapiga sakafu, mguu wa kushoto na wa kulia kwa zamu, haraka haraka, sawasawa na rekodi. Miguu miwili, kila mmoja na pigo lake la ngoma kubwa. Ferney alijaribu hilo miaka saba akaishia kupata maumivu ya nyonga.

"Mzee, unaijua hii?"

"Hapana, dada." Alifuta mdomo. "Ila huyo mpigaji anakimbia. Anafika kabla ya wenzake."

Nimeisikia albamu hiyo labda mara elfu moja. Alipoondoka niliirudisha nyuma nikasikiliza, mwiko mkononi. Anakimbia kweli.

Jumamosi, 20 Oktoba

Don Gildardo amekubali kuja karakana kesho. Anasema alipiga zamani, Medellín. Sijalala mchana, sijala, nimeunguza mikate ya mahindi ya watu thelathini na wanne. Wbeimar nimemwambia tu: kesho nakuletea zawadi.

Jumapili, 21 Oktoba

Nimefanya jambo baya na nitaliandika lote.

Don Gildardo alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Edilma akamimina kahawa. Ngoma za Ferney tulikuwa tumezifuta vumbi na kuzipanga katikati, na mzee alizitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Kisha Wbeimar akavuta kiti, akakaa mbele yake, na akaanza.

"Karibu, mzee. Ulipiga bendi gani?"

"Ilikuwa mtaa wa Manrique, mwaka themanini na sita, themanini na saba. Jina lilibadilika kila wiki."

"Mlirekodi?"

"Na nini? Hata ngoma tulitengeneza wenyewe. Tuliwamba picha za eksirei tulizookota kwenye jalala la kliniki. Ukiinua ngoma juani unaziona mbavu za mtu."

Mimi nilikuwa nimeanza kusisimka, lakini Wbeimar alikunja mikono. "Wenzako waliitwa nani?"

"Panya. Mrefu. Na Mtakatifu."

"Majina, mzee, si wanyama. Tunawajua watu wote waliopiga Medellín miaka ile. Tuna majarida yote. Nani alikuwa mpiga ngoma bora wa mji mwaka themanini na saba?"

"Sikumbuki."

"Albamu yao ya kwanza?"

"Sijui, bwana."

Niliona aibu, na aibu ile niliigeuza ukali, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta. Nikauliza lile ambalo hata Wbeimar hakuliuliza: "Basi niambie, mzee, ukiwa peke yako kitandani, redio mkononi, unasikiliza nini?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Nyimbo za mapenzi za kijijini. Zile za kulewea. Mke kaondoka, farasi kafa."

Tulicheka. Wbeimar alipiga goti, Edilma aliziba mdomo. Aliyecheka zaidi ni mimi, na nikasema neno, nikalisema kwa sauti: "Kumbe wa kujifanya."

Don Gildardo alimaliza kahawa yake. Akaenda kuosha kikombe kwenye sinki, akakifunika juu ya kitambaa, akasema "Mungu awalipe," akatoka. Mvua ilikuwa inamwagika na shamba ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hakugusa kijiti hata kimoja, wala hatukumwomba aguse. Kitu kimoja tu kilichohitajika, dakika moja ya kupiga, na sisi watatu wenye akili zetu hakuna aliyekikumbuka.

Jumatatu, 22 Oktoba

Amerudisha sahani. "Mungu akulipe." Sauti ile ile ya siku zote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na jiko.

Ijumaa, 26 Oktoba

Kwa siku tatu nimemwekea nyama ya kukaanga kubwa kuliko wengine, na kwa siku tatu ameikata vipande na kuwagawia waliokaa karibu naye. Leo kijana mmoja mwenye mdomo mrefu aliuliza mbele ya benchi zima, "Dada Luz Dary, sisi tufanye nini ili nasi tupendwe?" Mwingine akajibu, "Zeeka kwanza." Wote wakaangua kicheko. Mzee aliendelea kugawa.

Jumapili, 4 Novemba

Edilma alileta ngoma za kompyuta. Mdundo hauchoki, haukosei, haudai chai. Tulipiga nyimbo tatu na ilikuwa kama kuimba karibu na cherehani. Katikati ya wa nne Wbeimar aliizima.

"Nilifikiri tatizo letu ni kumpata mtu anayejua," alisema.

"Yule mzee anajua," nikamwambia.

"Hakujibu hata swali moja."

"Wbeimar, ni lini mara ya mwisho mtu mpya aliketi kiti hicho akarudi Jumapili ya pili?"

Alihesabu kwa vidole. Nami nilihesabu. Ni miaka tisa. Nilikuwa nadhani mlinzi wetu anawazuia wa bandia, na leo kwa mara ya kwanza nilimtazama rafiki yangu nikaona mtu anayeogopa kuachwa, kama alivyotuacha Ferney, kama walivyotuacha wote waliohama. Nami ni hivyo hivyo. Zimebaki wiki nne.

Jumatano, 7 Novemba

Nilipiga moyo konde. Chakula cha shambani hupelekwa na Arbey, msimamizi wa wachumaji, kimefungwa kwenye majani ya migomba. Leo nilimnyang'anya kifurushi kimoja nikapanda mwenyewe mlimani, kwenye tope la kufika magotini, mpaka safu ya juu alipokuwa don Gildardo.

Nilimpa chakula. Hakukaa, aliendelea kuchuma. Ikabidi nisimame upande wa pili wa mti na kuchuma pia, nikitia kahawa yangu kwenye kikapu chake cha kiunoni.

"Hizo mbichi, dada," alisema. "Utanifukuzisha kazi."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani na yote yakayeyuka. Nikasema tu kwamba nilimcheka mtu mzima mbele ya watu, na mama yangu angekuwa hai angenichapa.

Alichuma tawi zima kabla ya kujibu. "Ninyi mlikuwa na maswali yenu. Mimi naweza kuuliza yangu?"

"Uliza, mzee."

"Jina langu la ukoo ni nani?"

Sikulijua. Nimempikia mtu huyu wiki tano, mara tatu kwa siku.

"Nalala kitanda cha dirishani au cha mlangoni?"

"Sijui."

"Nina watoto wangapi?"

"Sijui, mzee."

"Basi sote tumefeli," alisema, na ndipo alipokaa kwenye jiwe akafungua chakula chake.

Ukoo wake ni Tabares. Analala mlangoni kwa sababu ya kikohozi. Ana binti mmoja, Marleny, anachuma kahawa huko Sierra, kaskazini. Alipokwisha kula alinieleza na lile jingine bila mimi kuuliza. Panya na Mtakatifu waliuawa mwaka themanini na tisa, mtaani kwao, miezi miwili wakipishana, na hawakuwa na kosa lolote ila kuwa na miaka kumi na tisa mahali pale. Mrefu alikimbia, hakumwona tena. Vijiti vyake mwenyewe don Gildardo alivichoma kupikia kahawa.

"Muziki wenu naukumbuka wote," alisema. "Ila ukipigwa, najikuta nawangoja wao waingie. Hizi nyimbo za farasi kafa, hakuna ninayemngoja ndani yake."

Nililia pale pale, mvua ikanisaidia kuficha. Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Jumapili mnaanza saa ngapi?"

Jumapili, 11 Novemba

Amepiga. 

Wbeimar alikuwa amemngoja mlangoni, amechana nywele. Alimwambia, "Don Gildardo, nilikukosea," bila kuongeza chumvi wala kisingizio, nami sijamwona akisema neno hilo kwa mtu yeyote tangu tujuane. Mzee akampa mkono. Akakaa kwenye ngoma, akashusha kiti, akapandisha kiti, akapiga moja, akaitegea sikio, akaomba bisibisi. Dakika ishirini alikaza na kulegeza. Kisha akauliza, "Wimbo gani?"

Mapigo kumi ya kwanza yalikuwa mabaya. Kijiti kilimponyoka. Alikiokota, akasema "samahani," lakini hakusema kwetu. Alitazama pembeni, pasipokuwa na mtu. Mara ya pili akaingia.

Sijui niiandikeje. Wimbo wetu ambao tumeupiga miaka kumi na mmoja kumbe tulikuwa tunaukimbia kama watu waliochelewa basi. Yeye aliushika mahali pake. Kulikuwa na nafasi ndani yake, nikaingia kwenye nafasi hiyo na sauti ikanitoka tumboni ambayo sijawahi kuisikia, kioo cha dirisha kikalia. Tulipomaliza Edilma alikuwa amekaa sakafuni. Wbeimar alikwenda kupika kahawa huku amegeukia ukuta.

"Mnakimbia," alisema don Gildardo. "Lakini mnasikilizana. Hilo halifundishwi."

Alhamisi, 15 Novemba

Sahani zote za benchi zinaruka sasa. Amewafundisha vijana kupiga miguu. Nimevunjiwa vikombe viwili na sijali.

Jumapili, 18 Novemba

Nyimbo sita zimekaa sawa. Wbeimar amemchomelea pedali ya miguu miwili kwa vyuma vya mashine ya kahawa, na wanaitana "mzee" na "fundi" kama watu waliozaliwa nyumba moja. Baada ya mazoezi ilikuwa zamu ya don Gildardo kuleta albamu. Alileta nyimbo zake za farasi kafa. Tulikaa kimya mwanzo hadi mwisho, kama utaratibu unavyotaka, Wbeimar amefumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Wimbo wa tisa nikamwona anafuta pua.

"Mafua," alisema.

Jumatatu, 26 Novemba

Arbey ametangaza wakati wa chakula cha mchana: kahawa imeisha mapema kwa sababu ya mvua, na lori la kwenda Sierra linaondoka Jumamosi. Sikukuu ni Jumapili. Nilisikia na nikaendelea kupakua, nikampakulia mtu mmoja mara tatu.

Jioni nilimfuata. "Baki siku moja tu, mzee. Utapanda basi Jumatatu."

"Wanapangiwa mashamba siku ya kufika. Asiyekuwepo hana nafasi." Alikuwa anakunja shati lake jeupe. "Na Marleny anajua nafika Jumapili. Mwaka jana sikufika. Sitamfanyia mara mbili."

Nilikasirika, sitaficha. Nilipiga sufuria ukutani, nikasema maneno machafu ambayo hata kwenye nyimbo zetu hayamo. Miaka kumi na mmoja, na tunakwamishwa na siku moja. Lakini nikiosha sufuria ile iliyobonyea nilijiuliza ningemwona vipi baba ambaye angemwacha binti yake kituoni ili apige ngoma nami. Ningempenda jukwaani, nikamdharau mezani.

Jumatano, 28 Novemba

Edilma ana akili ambayo ingetisha ikiwa mikononi mwa mtu mbaya. Amekwenda kwa katibu wa kamati na uso wa kikazi, akamwambia kwamba mafundi wa vyombo wanafunga spika Jumamosi asubuhi, na kwamba haitakuwa vizuri zikapasuka Jumapili wakati malkia wa kahawa anavishwa taji. Busara ni kuzijaribu kwanza na bendi yenye kelele kuliko zote. Katibu alimshukuru kwa moyo wa kujitolea.

Barabara ya kwenda kaskazini inazunguka uwanja ule ule. Nimezungumza na Arbey. Nimempa keki ya mahindi na jibini, nzima.

"Dakika ishirini," alisema akitafuna. "Nikipiga honi, anapanda."

Jumamosi, 1 Desemba

Mikono inanuka mvua na vitunguu na sijui nianzie wapi.

Saa tano na nusu lori liliingia uwanjani na wachumaji wote wamesimama nyuma, magunia yao miguuni. Manyunyu. Siku ya gulio, kwa hiyo kulikuwa na wauza ndizi, wauza sambusa, wazee wa benchi za kanisani, farasi waliofungwa. Hakuna aliyetungoja, hakuna aliyetutangaza. Don Gildardo aliruka kutoka kwenye lori amevaa koti la mvua, akapanda jukwaani, akashusha kiti.  Akagonga vijiti mara nne.

Tulipoingia, farasi mmoja alikata kamba. Muuza sambusa aliziba masikio. Wazee wa kanisani waliinuka wote pamoja, nikadhani wanaondoka, kumbe wanasogea waone. Na kule juu ya lori wale vijana walionitania miezi miwili walipigwa na butwaa, midomo wazi, wakimtazama mzee waliyelala naye chumba kimoja. Kisha yule mwenye mdomo mrefu akaanza kutikisa kichwa. Kisha wote. Lori lilikuwa linayumba. Waliokuwa sokoni waliona lori linayumba wakaja mbio, na wimbo wa pili ulipoanza uwanja ulikuwa umejaa.

Niliimba. Mungu wangu, niliimba. Nilimwona mwanamke wa makamo, mwenye kikapu cha mayai, anapiga mguu na mayai yake yote salama. Nilimwona Wbeimar akicheka wakati wa kupiga, jambo alilolikataza tangu mwaka 2007. Nilipogeuka nyuma don Gildardo alikuwa ananitazama mimi usoni. Hakuwa anatazama pembeni. Alikuwa anaingoja sauti yangu iingie, na ikaingia.

Dakika ishirini zilipotimia tulikuwa mwanzo wa wimbo wa tano. Nilimwona Arbey ameweka mkono kwenye honi, na mkono ukakaa pale. Alitupa wimbo mzima. Kisha akapiga.

Mzee alimaliza pigo la mwisho, akaweka vijiti juu ya kiti. Alitupa mkono mmoja mmoja. Wbeimar alivua kizibao chake, miaka ishirini na sita ya viraka, akamvalisha.

"Fundi, sijui hata bendi moja humu."

"Na atakayekuuliza, mwambie aje aniulize mimi."

Kilimbana mabegani, hakikufunga vifungo. Walimvuta juu ya lori kwa mikono mingi na lori likaondoka. Sikupunga mkono. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa jukwaa.

Jumapili, 2 Desemba

Asubuhi katibu aliuliza kama tuko tayari kwa saa tisa. Edilma alikuwa na kompyuta yake ya ngoma mkobani, nasi tulijua hivyo, na hata yeye hakuitoa. Wbeimar alijibu kwamba mpiga ngoma wetu amesafiri. Katibu akasema basi atatuita tu, huenda tukabadili mawazo.

Saa tisa ikafika. Tulisimama watatu chini, katikati ya watu, kila mmoja na mkate wa mahindi mkononi. Jua lilikuwa limetoka. Kipaza sauti kikaita, "Bendi ya Broca," na minong'ono ikapita kwa wakulima waliolisikia jina lile kwa mara ya kwanza. Kikaita tena. Jukwaa likabaki tupu, ngoma za Ferney zikimeta.

"Wako wapi?" kijana mmoja mbele yangu alimuuliza mwanamke aliyesimama naye. Nilimtambua mwanamke kwa kikapu chake cha mayai. "Nimeshuka kutoka mlimani kwa ajili ya hao."

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Ilikuwa jana."

Akaanza kumsimulia, na aliposahau kitu jirani yake alimkumbusha, na wa nyuma akasema hapana, farasi alikata kamba mwanzoni kabisa. Walibishana hivyo nusu saa nzima. Hakuna aliyegeuka kututazama, nasi hatukusema neno, tulisikiliza mwanzo hadi mwisho.